Sikio la Kushoto

Kutoka chumba cha Kidawa na mumewe kule Bertrams, Johannesburg, hadi karakana yake ya Doornfontein ni mwendo wa dakika ishirini na kitu, lakini yeye ulimchukua karibu saa nzima. Macho yake yalinasa kila kitu kinachotoa sauti, au kilichowahi kutoa. Angesimama chini ya pembe ya chuma ya kipaza sauti iliyokula kutu juu ya duka la magodoro akijiuliza ilikuwa ikitangaza nini enzi zake. Angeinama mbele ya kile kisanduku cha njano kwenye roboti, zile taa za kuvukia barabara, kinachogonga tik-tik kwa ajili ya wasioona, atazame kwa nini cha upande huu kinagonga haraka kuliko mwenzake wa ng'ambo. Watu wa mtaa walishamzoea. Yule Mzanzibari wa mtandio na koti refu la baridi, ameegemeza shavu kwenye shata la duka lililofungwa, anasikiliza bati linavyotetema basi likipita.

Riziki yake ilitoka humo humo. Alitengeneza hedifoni, redio na deki za kaseti kwenye meza moja ndani ya karakana aliyochangia na Évariste, Mkongo wa Lubumbashi, fundi wa amplifaya za makanisa. Évariste watu walimwita Papa Glody kwa jina la mwanawe wa kwanza, na Kidawa naye alimwita hivyo hivyo.

Jumatatu moja ya mwezi wa sita, Kidawa aliona hedifoni kwenye turubai la muuza vitu vikuukuu. Ilikuwa kubwa, nzito, waya wake umejisokota kama wa simu za zamani, na ndani ya kila kikombe pameandikwa namba kumi na nne kwa rangi nyeupe, kama kifaa cha darasani. Sponji zilikuwa zimepasuka. Hakuuliza mara mbili. Aliibeba kwapani hadi karakana, akashinda nayo akiifuta na kuikatia mpira mpya wa masikioni, akapanga kuijaribu kesho yake kichwa kikiwa kimepumzika.

Kesho yake, Jumanne, aliamka sikio la kushoto limejaa, kama mtu aliyeingiwa na maji wakati wa kuoga. Ameir, mumewe, alikuwa ameshatoka alfajiri kwenda kwenye lindo lake la duka la vitambaa. Kidawa aliinamisha kichwa, akarukaruka kwa mguu mmoja kama wafanyavyo watoto wakitoka kuogelea. Hakikutoka kitu. Akajiambia ni mafua ya baridi hii ya Johannesburg, akavaa koti, akatoka.

Kwenye kona ya kwanza teksi ilipiga honi. Kidawa akaruka kuikimbia, kumbe anaiendea. Breki zililia mbele ya magoti yake. Dereva akatoa kichwa dirishani akamtukana kwa Kizulu, tusi refu, na Kidawa akabaki amesimama amekumbatia mkoba, akishangaa. Honi ile, kwa masikio yake, ilikuwa imetoka upande wa pili kabisa.

Karakana ilikuwa tupu. Aliwasha deki, akachomeka hedifoni, akaivaa. Muziki ukaja, mzuri, mzito, lakini wa upande mmoja tu. Kulia kulikuwa na kila kitu. Kushoto hakukuwa na hata mchakacho.

"Nilijua tu, haikosi kasoro," alisema mwenyewe, na wala hakukasirika, kwani vitu vyenye kasoro ndivyo vilivyomlisha. Akachukua mita, akapima waya kutoka mwanzo hadi mwisho. Mzima. Akafungua kikombe cha kushoto, akapima koili. Nzima. Akakagua kila mahali palipounganishwa kwa risasi ya kulehemu, akapaka nyingine kwa tahadhari. Akavaa tena. Kulia kuzuri, kushoto kimya.

Ndipo alipofanya jambo ambalo kila fundi wa sauti angelifanya mapema zaidi. Aliigeuza hedifoni nyuma mbele, kikombe cha kushoto kikae sikio la kulia, cha kulia kikae kushoto. Kama kifaa ni kibovu, ubovu utahama pamoja nacho. Hilo halihitaji hata kufikiri.

Kikombe alichokuwa anakituhumu kikaimba safi kabisa kwenye sikio lake la kulia. Kushoto kukabaki vile vile.

Aliigeuza tena. Akaigeuza mara ya tatu. Akaivua, akaiweka mezani polepole, akakaa juu ya mikono yake. Chombo hakikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa kichwani mwake.

Évariste alipoingia akamkuta hivyo. "Dada Kidawa, baridi imekuweza?"

"Imeniweza, Papa Glody," alijibu, akahamisha kigoda chake upande wa pili wa meza ili mwenzake awe kulia kwake.

Hakumwambia. Hakumwambia mtu yeyote. Hofu ilimwambia kwamba akilitamka tu litakuwa kweli, na pia ilimwonyesha mambo ya kawaida kabisa: mteja anauliza, fundi gani huyo wa sauti asiyesikia? Jioni alipasha mafuta ya nazi, akadondosha matone mawili sikioni, akakaa ameinamisha kichwa upande wa kulia akingoja. Alichopata ni mlio. Mlio mwembamba usiokatika, mle mle kwenye sikio lililokufa. Na kwa kuwa hakuweza kujizuia, siku ya pili yake alichukua kile kifaa chake cha kupimia spika, kinachotoa mlio mmoja mmoja, akawa anakizungusha taratibu hadi akapata unaolingana na ule wa kichwani. Akausoma kwenye kioo. Mitetemo elfu tatu na mia nne kwa sekunde. Alidhani akiujua atautuliza. Badala yake akawa sasa anaujua, na hauzimiki.

Usiku wa Jumatano uliingia vibaya. Ameir alikuwa amekaa upande wake wa kushoto wakila, anasimulia habari za lindoni, na Kidawa akaendelea kumega mkate hana habari.

"Wewe leo siku ya pili umeninunia," Ameir alisema hatimaye, akamgusa bega. "Nimekukosea nini?"

"Mie? Hujanikosea kitu."

"Nazungumza nawe tangu tuanze kula, hunitazami."

"Nimechoka tu, Ameir. Nisamehe."

Ameir akaondoa vyombo. Upole huo ulimuuma Kidawa kuliko kama angefoka, lakini bado hakumwambia.

Alhamisi asubuhi Évariste alikuwa anamalizia amplifaya ya kanisa moja la Yeoville. Aliweka spika mbili pembeni mwa chumba, akamwita Kidawa akae katikati, kama walivyofanya siku zote, maana sikio la Kidawa ndilo alilokuwa akiliamini kuliko mita yoyote.

"Ambia mie. Iko sawa?"

Kidawa alisikiliza. "Kulia kumezidi," alisema. "Kumezidi sana. Punguza."

Évariste alicheka, kisha akaacha kucheka. "Dada, kulia nimezima. Nilitaka kwanza usikie kushoto peke yake." Alimsogelea, akamtazama usoni kama anayetafuta mahali penye jeraha. "Sikio gani?"

Kidawa akashindwa. Machozi yalimtoka kabla ya maneno. "La kushoto. Tangu Jumanne. Nililala nalo zima nikaamka halipo."

Évariste akavuta kigoda, akakaa upande wa kulia kwake bila kuambiwa. "Sikiliza. Pale kwetu kanisani kulikuwa mama mumoja wa kwaya, maman Héritière. Ilimupata vile vile, usiku mumoja. Akasema itapona yenyewe. Alingoja mwezi muzima. Alipofika kwa docteur, docteur akamuambia: mama, ungekuja wiki ya kwanza kulikuwa na vidonge. Sasa hapana. Na haikurudi. Hii haingoji, dada. Ende leo. Ende sasa hivi."

"Kwenye ile kliniki ya serikali?"

Évariste akatazama chini. Wote wawili walijua habari za getini pale, za wale watu wanaowazuia wageni wasitibiwe. "Mie ningekusindikiza," alisema, na sauti ikamshuka, "lakini unajua karatasi yangu iko namna gani."

Kidawa alikwenda peke yake. Kabla hajafika aliwaona: watu sita au saba wa fulana za rangi moja mbele ya geti, mwanamke mmoja na filimbi shingoni, wanasimamisha kila anayeingia. Mlinzi wa kliniki alikuwa amejikunyata kibandani kwake, anatazama simu. Mbele ya Kidawa alikuwapo mama mjamzito mwenye kitenge. Walimuuliza kitu, akajibu, wakamgeuza. Akapita karibu na Kidawa akiwa ameshika tumbo kwa mikono miwili, hatazami mtu.

Kidawa angeweza kugeuka hapo hapo. Miguu ilitaka. Lakini alikuwa anahesabu siku: Jumanne, Jumatano, Alhamisi.

"Kitambulisho," alisema mwanamke wa filimbi kwa Kiingereza. "Cha hapa. Si pasipoti."

Kidawa alitoa pasipoti, akafungua ukurasa wenye kibali. "Nina ruhusa ya kukaa. Ni halali. Tafadhali, ni dharura."

Akiwa bado anaongea alishikwa bega kwa nguvu, akageuzwa. Kijana mwenye shingo nene alikuwa amesimama upande wake wa kushoto, uso umekunjamana. "Nakuuliza mara ya tatu! Unajifanya hunisikii?"

"Sikusikii," Kidawa alisema. "Sikio hili halisikii. Ndilo lililonileta."

Watu wakacheka. Kijana naye akacheka, akasema, "Haya, tuone," akanyanyua mikono na kupiga kofi moja kubwa kando ya sikio la kushoto la Kidawa.

Kidawa alihisi upepo wa viganja shavuni. Kofi lenyewe alilisikia mbali, upande wa kulia, kama limepigwa na mtu mwingine aliyesimama barabarani. Na kabla hajajua anachofanya, aligeuka kulia kumtafuta mtu huyo.

Kicheko kikakatika. Kijana alikuwa bado ameshikanisha viganja, mdomo umefunguka kidogo, na kwa muda mfupi sura yake ilikuwa ya mtu aliyevunja kitu cha watu. Akamtazama mwanamke wa filimbi.

"Hata kama," yule mwanamke alisema. "Wakatibiwe kwao."

Wakaanza kumzunguka. Mmoja akavuta mkoba wake, mkanda ukachanika. Kidawa aliunyakua, akageuka, akakimbia. Alisikia nyayo nyuma yake, au alidhani amezisikia. Hilo ndilo lililomtia kichaa: hakuweza kujua ziko wapi. Kila sauti ya mji, honi, kelele za wauzaji, viatu kwenye lami, ilikuwa inatoka kulia, ukuta mmoja wa sauti, na upande mwingine kulikuwa na ule mlio wake tu. Alikimbia akigeuzageuza kichwa kama kuku. Alipovuka barabara hakuthubutu kuamini masikio. Alitazama kushoto, kulia, kushoto, kulia, akavuka, na bado alipofika ng'ambo alikuwa na hakika kuna kitu kinamjia.

Aliishia mlangoni mwa spaza moja, kiduka cha mtaani pale Bertrams. Mwenye duka akampa maji bila kuuliza. Hakuna aliyekuwa amemfuata.

Ameir alipofika nyumbani jioni alimkuta amekaa sakafuni, koti bado mwilini, mkoba wenye mkanda uliochanika mapajani.

"Kaa huku," Kidawa alisema, akamwonyesha upande wa kulia. "Huku ndiko ninakosikia."

Akamweleza yote, kuanzia hedifoni. Ameir alisikiliza bila kukatiza. Kidawa alipofika kwenye kofi, Ameir akainuka, akaenda dirishani, akasimama kule amempa mgongo.

"Tangu Jumanne," alisema. "Na mie nakulaumu kwamba umeninunia."

"Hukujua."

"Ungenambia, Kidawa! Ningekwenda nawe."

"Wangekupiga."

Hakulikataa hilo. Alirudi, akakaa, na Kidawa akaona kwamba mumewe naye anaogopa, mwanamume mzima anayeshinda na rungu kando yake kazini. Na kwa namna fulani kumwona hivyo kulimpa yeye nguvu ya kufikiri.

"Mwalimu Zuhura," alisema.

Zuhura alikuwa mwanamke wa Tanga aliyefundisha lugha chuoni Braamfontein, na mara mbili tatu kwa mwaka alimletea Kidawa vinasa sauti vyake vitengenezwe. Ameir alipiga simu, akaiweka kwenye spika, kwa kuwa Kidawa hakuamini tena kusikia vizuri.

"Umesema limezima ghafla?" Zuhura aliuliza. "Bila maumivu? Msilale na hilo mpaka Jumatatu. Hapa chuoni kuna mahali wanafunzi wanajifunza kupima masikio, na anayewasimamia namjua. Kesho saa mbili muwe hapa. Mimi nitasimama mlangoni. Tena nitazungumza na daktari wangu. Usilie, dada yangu. Lete tu pasipoti."

Usiku ule Kidawa hakupata usingizi. Alichogundua ni kwamba akilalia sikio la kulia, dunia yote inazimika: Ameir, majirani, mabomba ya maji, kila kitu, unabaki ule mlio. Ikawa hawezi kulilalia. Alikaa macho akilishika kwa kiganja sikio lake zima kama kitu kinachoweza kuibwa.

Ijumaa walipanda basi hadi Braamfontein. Zuhura alikuwa mlangoni kama alivyosema, skafu nyekundu, mwavuli mkononi ingawa hakukuwa na mvua. Ndani, Kidawa aliingizwa kwenye kijumba kilichofunikwa sponji kuta zote, mlango mnene kama wa jokofu la bucha. Mpimaji, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya upole, akamvisha hedifoni, akampa kitufe.

"Ukisikia chochote, hata kidogo, bonyeza."

Siku nyingine Kidawa angetaka kuuliza kijumba kile kimejengwa kwa kutumia nini. Mlango ulipofungwa alitamani kuupiga mateke. Kimya cha mle ndani kilikuwa kamili, na ndani ya kimya kile mlio wake ulisimama peke yake, mkubwa kama king'ora. Sikio la kulia lilikwenda vizuri. Alibonyeza hata milio midogo kama pumzi. Kisha kupitia kidirisha cha kioo akaona mkono wa mpimaji unahamia upande mwingine.

Akangoja. Aliona vidole vinabonyeza. Akajua kwamba wakati ule ule mlio unatumwa sikioni mwake, na hana hata hisia yake. Vidole vikabonyeza tena, vikageuza kitufe, vikabonyeza. Kidole gumba chake kilikuwa kinauma kwa kukaa tayari. Zilipita dakika, akatamani kudanganya, abonyeze tu, ili uso ule wa upole ulio nyuma ya kioo uache kuwa na huruma. Hakudanganya. Mwishoni kabisa alihisi kitu kama mtetemo wa lori mbali, chini, karibu haukuwa sauti. Akabonyeza.

Daktari wa Zuhura aliwaona mchana huo huo. Alisema mshipa wa fahamu wa sikio umepata shida, kwa nini hasa hakuna ajuaye. Akaandika vidonge vya steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe, vingi, vya siku kumi na nne.

"Leo siku ya nne," alisema. "Si mbaya. Wengine wanarudi kabisa, wengine nusu, wengine hawarudi. Siwezi kukwambia wewe ni wa kundi lipi."

"Na la kulia?" Kidawa aliuliza. Hilo ndilo swali alilokuwa amelibeba tangu Jumanne. "Na lenyewe linaweza kwenda?"

Daktari aliweka kalamu chini. "Ni nadra sana."

"Lakini laweza."

"Ni nadra sana, mama."

Vidonge vilimvimbisha uso na kumtia njaa ya ajabu. Aliogopa kila asubuhi kufumbua macho. Kabla ya kuyafumbua alisugua vidole viwili kando ya sikio la kulia, akasikia mchakacho wake, akashusha pumzi. Kisha kushoto, ambako hakukuwa na kitu. Siku ya tano hivyo. Siku ya saba. Siku ya tisa alikuwa jikoni, ameinama mbele ya sufuria, akasikia jokofu linanguruma nyuma yake. Akageuka kulitazama. Kisha akaziba sikio la kulia kwa kidole, kwa nguvu hadi likauma. Ngurumo ilikuwapo bado. Nyembamba, yenye mikwaruzo, kama inapita kwenye redio mbovu, lakini ilikuwapo, na ilikuwa inatoka kushoto. Aliita "Ameir!" kwa sauti iliyomleta mumewe akikimbia na taulo, akidhani moto umewaka.

Baada ya wiki sita mpimaji alimwonyesha karatasi. Sauti nene zilikuwa zimerudi karibu zote. Za kati nusu. Zile nyembamba, za ndege, za funguo, za herufi ya "s" mwishoni mwa maneno, hazikurudi, na mpimaji hakumficha kwamba hazitarudi. Mlio wake ulibaki pale pale elfu tatu na mia nne, ukisikika chini kidogo ya sauti za mazungumzo.

Alirudi kwenye meza yake. Kazi ya kusawazisha kushoto na kulia Évariste aliichukua yeye, kimya kimya, na siku moja wakiwa peke yao alimwambia, "Ile siku ya geti, dada, inanikula." Kidawa akamjibu kwamba angekwenda wangewapiga wawili, basi wayaache. Hawakuyazungumza tena.

Mwezi wa tisa alikuja mzee mmoja Mkenya na deki ya kaseti iliyotunzwa vizuri, akasema anataka fundi wa kuisikiliza, si wa kuifungua tu. Kidawa angeweza kunyamaza.

"Mzee, nikwambie ukweli kwanza," alisema. "Sikio langu la kushoto ni nusu. Mashine nitaitengeneza, na kuisikiliza nitasaidiwa na mwenzangu huyu."

Mzee alimtazama, akamtazama Évariste, akaifikiria deki yake. Kisha akaomba radhi kwa adabu, akaifunga tena kwenye blanketi lake, akaondoka nayo.

Évariste alianza kusema neno. Kidawa akanyanyua mkono kumzuia. Aliingoja hofu ile ya mwezi wa sita. Ilikuja, ikakaa naye kidogo, lakini haikumshinda. Akavuta redio iliyokuwa inangoja foleni, akatafuta bisibisi ndogo, akaanza kufungua skrubu za nyuma.